USUKANI NA GEJI ZA LORI LA ZAMANI
(Maelezo kwa madereva na mafundi)

Yafuatayo ni mazungumzo ya fundi mwalikwa kutoka Moshono, Arusha. Yanachapishwa ili yawafikie wote wanaohusika na magari ya mizigo.



Nimeombwa nizungumze juu ya usukani na geji za malori yaliyokwisha kuzeeka. Kwetu Moshono, mashariki ya jiji la Arusha, malori hayo ndiyo yanayobeba moramu na mawe katika miteremko ya Mlima Meru. Mengi yana umri mkubwa kuliko vijana wanaoyaendesha. Mwenye gari akipata fedha kidogo, jambo la kwanza huwa ni kupaka bodi rangi. Mimi nasema rangi ingoje.

Usukani unapozunguka kitambo kabla magurudumu hayajaitika, usifungue kitu. Mtu mmoja akae kitini autikise kidogo kushoto na kulia. Mwingine atazame chini, kuanzia shafti, krosi, boksi na mkono wake, hadi tairodi. Mahali ambapo upande mmoja unatikisika na wa pili umetulia, ndipo palipolika. Wengi wetu hukimbilia skrubu ya boksi na kuikaza. Baada ya hapo usukani huwa mgumu na haurudi wenyewe baada ya kona, na krosi iliyolika bado ipo palepale.

Ikibidi kuteremsha shafti, magurudumu yanyooke, betri ikatwe, na alama itiwe kwenye shafti na krosi kabla ya kuzitenganisha. Nati ya usukani ilegezwe bila kutolewa yote, kisha usukani uvutwe kwa pula. Nyundo huharibu beringi, na katika magari ambayo shafti yake imeundwa kujikunja wakati wa ajali, huvunja pini zake. Shafti iliyopasuka haichomelewi. Nimepata kuletewa moja iliyochomelewa kwa ustadi, hata ukiipapasa huoni mshono. Ilikatika kando ya mshono huo. Kwa rehema ya Mungu lori lilikuwa uani.

Sasa geji. Mishale yote ikilala pamoja, usinunue geji. Tazama fyuzi, kile kidude kinachodhibiti umeme wa geji, na waya wa ethi wa dashibodi. Ile rangi niliyoitaja mara nyingi ndiyo inayoziba ethi. Nanyi hapa Visiwani mna adui wa ziada, hewa ya chumvi. Ukilala mshale mmoja tu, washa swichi, chomoa waya wa kipimio chake na uugusishe bodi kwa nukta chache. Kama ni cha tangi, mfuniko uwe umefungwa. Katika geji nyingi za zamani mshale utakwenda hadi mwisho. Ukienda, geji na waya ni vizima, kipimio ndicho kibovu.

Arusha iko kiasi cha meta 1,400 juu ya bahari, na maji katika chombo kilicho wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Lori likipanda na mzigo bila geji ya joto, dereva hupata habari silinda hedi ikiwa imekwisha pinda. Hilo ni hasara ya fedha.

Geji ya upepo wa breki ni jambo jingine. Tarehe 24 Februari 2024, huko Ngaramtoni katika barabara ya Arusha na Namanga, lori lililoelezwa kukosa breki liligonga magari mengine, wakafa watu 25. Siitaji ajali hiyo kumhukumu mtu. Naitaja kwa kuwa dereva wa breki za upepo, kabla hajakanyaga, huonywa na mshale huo na kengele yake tu kwamba upepo unapungua. Mshale ukifa, lori likae uani hadi utengenezwe, hata kama mzigo umekwisha pakiwa na mwenyewe anapiga simu kila saa.