Kata Tiketi Kabla ya Kupanda Basi

Msikilizaji wa Lodwar, nawe uliyeko Kakuma, hili linakuhusu.

Treni haifiki Turkana, hilo twalijua. Lakini ukielekea Mombasa kupitia Nairobi, ipo treni ya Madaraka Express, inayobeba abiria tangu mwaka 2017. Nauli si tatizo sana. Kinachomaliza pesa ni kungoja. Unashuka basi Nairobi umechoka, unaambiwa treni imejaa, hasa Desemba. Sasa ulipe chumba, ununue chakula, na watoto wanalia.

Basi fanya hivi. Kata tiketi ya treni kwa simu, ungali nyumbani. Narudia: tiketi ya treni kwanza, ndipo upande basi la kwenda Nairobi kupitia Kitale. Usikate ya saa ileile unayotarajia kufika Nairobi. Barabara yetu unaijua: basi laweza kuchelewa. Jipe nafasi.

Jambo jingine. Treni hiyo huanzia Syokimau, nje ya mji. Teksi itakukamua. Ulizia treni ndogo ya kuunganisha, pale stesheni ya kati ya Nairobi.

Beba kitambulisho ulichokatia tiketi. Na wewe mkimbizi wa Kakuma, pata kibali cha kusafiri kabla hujalipa chochote.