Mazoezi ya Kiharusi si Mchezo wa Watoto



Kiharusi si kurogwa. Damu haifiki sehemu ya ubongo, au mshipa umepasuka kichwani. Mkono unalegea. Hata kushika kikombe ni kazi.

Huko Ulaya na Marekani hospitali nyingine hutumia miwani ya kompyuta. Mgonjwa akiivaa anaona jiko na vikombe. Si vya kweli, ni picha. Anajizoeza kumimina chai. Akikosea, haungui.

Wengine hukataa. "Mimi mtu mzima, nicheze kama mtoto?" Wengine hushikwa na kizunguzungu. Lakini mtu akiona kazi ile ni ya nyumbani kwake, moyo hukubali.

Mwaka 2017 wataalamu walikusanya majaribio 72 ya mazoezi ya kompyuta. Waliona hayashindi mazoezi ya kawaida. Yakiongezwa juu ya yale ya kawaida, mkono hufaidika. Ubongo hujifunza upya kwa kurudia.

Basi, tusio na miwani tunacho kikombe cha maji baridi. Tunayo maharage ya kuchambua. Tumwulize mganga wa zahanati mazoezi yanayofaa. Tusimfanyie mgonjwa kila kitu, wala tusimcheke. Haba na haba hujaza kibaba.