Maungio ya Bomba la Maji Machafu: Yatengenezwe, Yasipakwe



Bomba la maji machafu la nyumba ya zamani lianzapo kutoa matone, desturi ya wengi ni kulipaka saruji kwa nje. Baada ya majuma machache matone hurudi, na uchafu huelekea kwenye msingi au kisima. Jambo hili si dogo. Mwaka 1854, mtaani Soho, mjini London, kipindupindu kiliua watu zaidi ya 600 kandokando ya kisima cha Broad Street. Ukaguzi wa mwaka 1855 ulionyesha kwamba matofali ya shimo la uchafu la nyumba jirani yalikuwa yamelegea, na kati ya shimo hilo na kisima haikuwapo hata mita moja.

Katika nyumba nyingi za zamani bomba hilo ni la chuma cha kusubu. Ncha ya bomba moja huingia katika mdomo mpana wa jingine. Nafasi iliyobaki hushindiliwa nyuzi zenye lami, kisha humiminwa risasi yenye kina cha milimita 25 hivi. Nyuzi huvimba zikilowa na kuzuia maji, risasi huzishikilia. Aliyepata kukalafati jahazi ataielewa kazi hii mara moja. Saruji ya nje haishiki, kwa kuwa chuma hutanuka na kunywea, nayo saruji hupasuka.

Kwanza, watu wote wa nyumba waache kumwaga maji. Bomba lisafishwe na kukaushwa, kisha ligongwe taratibu: lililo zima hulia kama kengele, lenye ufa hutoa sauti ya kufifia. Lenye ufa libadilishwe. Likiwa zima, fundi aishindilie risasi upya kwa patasi butu, akizunguka kidogo kidogo, kwani pigo kubwa hupasua mdomo wa bomba. Mara nyingi hilo hutosha.

Ikiwa risasi imelegea kabisa, si lazima kuyeyusha nyingine. Risasi ya moto ikikutana na unyevu humrukia fundi usoni, na moshi wake ni sumu. Siku hizi sehemu mbovu hukatwa na kuwekwa kipande cha plastiki, kikiungwa kila upande kwa mkono wa mpira wenye vibano vya chuma kisichoshika kutu. Kabla ya kukata, bomba litegemezwe juu na chini, maana ni zito. Mteremko usipotee: bomba la milimita 100 hupewa sentimita 2.5 kwa kila mita. Bomba la asbesto lisikatwe wala kusuguliwa kavu na asiye na ujuzi, kwa sababu vumbi lake huleta saratani.

Fundi avae glavu, afunike vidonda, wala asiwashe moto penye chemba. Kazi ikiisha, maji yenye rangi yamwagwe na maungio yatazamwe kwa nusu saa kabla ya kufukiwa.

Katibu wa chama chenye nyumba aandike katika daftari tarehe ya kila uvujaji na kila tengenezo. Maungio yanayorudi mara mbili katika daftari hilo yapelekwe kwenye kamati, ili fedha za fundi zitengwe mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na hapa huenda ukachimba kisima kipya.