Mlango wa Kabati la Nguo: Usiutupe, Utengeneze

(Hotuba ya mwalimu wa useremala kwa wakazi wa Lamu, siku ya wazi ya chuo cha mafunzo ya ufundi)

 

Leo nazungumzia mlango wa kabati la nguo. Ukilegea, ukivimba au rangi ikibambuka, wengi wetu hukimbilia kununua kabati jipya. Kabla ya kutoa pesa, angalieni kwanza lile la zamani ni la mbao gani. Mara nyingi makabati ya wazee ni ya mvule au mbambakofi. Mengi ya kisasa ni ya chipbodi, ambayo ikinywa maji huvimba na kumeguka. Msibadilishe mbao ngumu kwa chipbodi kwa sababu ya rangi tu.

Anzeni na bawaba. Tundu la skrubu likipanuka, lijazeni kijiti cha mbao kilichopakwa gundi, kikauke, kisha rudisheni skrubu. Mlango ukikwama, subirini ukauke kabla ya kuupiga randa. Mkiuranda wakati wa masika, kiangazi utabaki na mwanya.

Sasa tuje kwenye urembo. Huku kwetu adui wa nguo ni unyevu na kuvu. Kwa hivyo, toeni ubao wa katikati ya mlango, mbakishe fremu, kisha pigilieni mkeka wa miyaa kwa ndani. Hewa itapita, na mama anayesuka mikeka atapata riziki. Asiyetaka mkeka atumie leso: inyoosheni kwenye fremu nyembamba inayotoka, ili ipate kufuliwa. Chumba kikiwa kidogo na mlango hauna nafasi ya kufunguka, ondoeni mlango kabisa mtundike pazia.

Na nakshi je? Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, na milango ya nakshi ni sehemu ya sifa yake. Si lazima kuchonga mlango mzima. Ukanda mmoja wa nakshi juu ya fremu unatosha kubadilisha sura ya kabati, na unampa kijana kazi ya kujifunzia.

Nina maonyo mawili, hasa kwa nyumba zenye watoto. Kwanza, rangi za zamani huenda zina madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto. Msiipige msasa ikiwa kavu, wala msiichome. Lowesheni kwanza, fanyieni kazi nje, watoto wakiwa mbali, na vipande vyote viokotwe. Pili, kioo ni kizito. Msikitundike kwenye mlango wa chipbodi, na kabati lolote refu lifungwe ukutani kwa vyuma. Mtoto akining'inia mlangoni, kabati linaweza kumwangukia.

Ndugu zangu, mlango mmoja uliotengenezwa huweka pesa kwa seremala, msusi na mchonga nakshi wa hapa hapa. Kabla ya kununua kabati jipya, mwiteni fundi wa mtaani aangalie la zamani. Nanyi vijana, mkiitwa, fanyeni kazi safi na mmalize siku mliyoahidi. Mteja akiridhika, atawaleta majirani.