Mtoto Hana Kadi ya Chama



Wapendwa katika Kristo, wazee wetu, akina mama, vijana, nanyi viongozi wa walei mliotoka Musoma, Bunda na Butiama: mmenitaka niseme juu ya uchaguzi wa kamati za shule. Naanza kwa kuungama. Miaka michache iliyopita mzazi mmoja aliniuliza kama jirani yake anafaa kuchaguliwa katika kamati. Neno la kwanza lililonitoka lilikuwa: "Yeye ni wa chama gani?" Sikuuliza kama ana mtoto shuleni, wala kama ni mwaminifu wa fedha. Ugonjwa ninaousema leo umenigusa hata mimi padre wenu.

Tuvitendee vyama haki. Hapa hapa Musoma, Novemba 1974, TANU, chama kilichoongozwa na Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, kilipitisha Azimio la Musoma. Azimio hilo lilitaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo Novemba 1977. Baadhi yenu wenye mvi mliingia darasani kwa sababu yake. Chama kina haki, tena wajibu, kushindania sera ya elimu mbele ya wananchi.

Lakini kamati ya shule haitungi sera ya taifa. Kazi yake ni uwakili. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, ulioanza 2002, uliziongezea kamati wajibu wa kupanga mahitaji ya shule na kusimamia ruzuku na ujenzi. Swali la kamati ni hili: ilinunuliwa mifuko mingapi ya saruji, na ni mingapi iliyofika kwenye jengo? Mjumbe aliyeingia kwa mgongo wa chama, siku mifuko inapopungua, hutazama kwanza nani ameichukua. Akiwa mwenzake, hunyamaza. Akiwa mpinzani, hupiga kelele hata kwa mfuko uliopasuka njiani. Kwa vyovyote vile, ukweli umekosa shahidi.

Na mzazi je? Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, ulioanza kutekelezwa Januari 2016, uliondoa ada na michango ya lazima. Anachotoa mzazi sasa hukitoa kwa hiari, na hiari huzaliwa na imani. Akiiona kamati kuwa ni ya "wale", hufumba mkono. Anayekosa uji si mwenyekiti wa chama. Ni mtoto, naye hana kadi.

Sheria imekwisha kuliona jambo hili. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992, kifungu cha 12, inakataza kuunda tawi la chama shuleni na kuendesha siasa huko. Hata hivyo, mazoea hupita pasipopita tawi. Uenyekiti wa kijiji hugombewa kwa tiketi ya chama, nasi tunabeba desturi ile ile hadi kwenye mkutano wa wazazi. Majina hupangwa usiku, na asubuhi wazazi huitwa kugonga muhuri tu.

Wako wanaosema kwamba chama humsaidia mpiga kura kumjua mgombea. Hoja hiyo ilipelekwa kwa wapiga kura wa jimbo la Florida, Marekani, Novemba 2024, ili bodi za shule zigombewe kwa vyama. Wengi waliikubali, lakini hawakufikia asilimia 60 iliyotakiwa. Huenda katika mji wa watu wasiojuana hoja hiyo ina uzito. Sisi tunateka maji kisima kimoja na kuzikana. Twamjua nani hurudisha jembe aliloazima. Tunahitaji alama gani zaidi?

Kumbukeni pia kwamba vyama hupokezana. Ubunge wa Musoma Mjini ulikwenda CHADEMA mwaka 2010, ukarudi CCM mwaka 2015. Mwaka huo huo wa 2015 Bunda Mjini ikaenda CHADEMA. Madarasa yalibaki pale pale.

Mtakatifu Paulo aliwakemea Wakorintho waliojigawa kwa majina ya walimu wao, akawauliza kama Kristo amegawanyika. Nasi tujiulize kama mtoto aweza kugawanywa.

Sisemi kwamba mwenye chama asichaguliwe. Kuwa mwanachama ni haki ya raia. Nasema aiache kadi nyumbani aendapo kwenye kamati. Hudhurieni mkutano wa wazazi. Pendekezeni majina pale pale, mbele ya wote. Daini mapato na matumizi yabandikwe mahali pa wazi. Na anayeiba, hata akiwa wa chama chako, hata akiwa wa jumuiya yako, mtaje.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya:

1. Wajumbe wa kamati ya shule yetu walipatikanaje?
2. Ni lini mara ya mwisho tulisomewa hesabu za shule?
3. Je, nimewahi kunyamazia kosa kwa sababu mkosaji ni wa chama changu?