Kifaru Kilichotumwa Kulima Karanga

Ndugu wasikilizaji, juma lililopita nilitaja kwa kupita tu kwamba vifaru vya vita vimewahi kuletwa nchini kwetu kulima karanga. Tangu siku hiyo nasimamishwa njiani. Mzee mmoja hapa Barabara ya Ishirini kaniuliza kama nilikuwa natania. Sikuwa natania, mzee wangu. Leo naomba tukitazame kifaru hicho kwa utulivu, tujue kiliundwaje na kilishindwa nini.

Jina lake ni Sherman. Kilitengenezwa Marekani, na Waingereza ndio waliokipachika jina la Jenerali William Sherman, yule wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Mapigano yake makubwa ya kwanza yalikuwa El Alamein, nchini Misri, Oktoba 1942. Hadi mwaka 1945 viwanda vya Marekani vilikuwa vimetoa karibu vifaru 50,000 vya namna hiyo.

Kilikuwa kifaru cha wastani. Uzito wake tani 30 hivi, askari watano ndani, mzinga wa milimita 75, mwendo wa kilomita 38 hivi kwa saa kwenye barabara nzuri. Bamba la chuma la mbele lilikuwa na unene wa milimita 51, nalo limeinamishwa ili risasi ikigonga iteleze au ikute chuma kirefu zaidi cha kupenya. Upana wake ulikuwa mita 2.6 hivi, na hilo halikuja kwa bahati. Kifaru hicho kilitakiwa kusafiri kwa treni hadi bandarini, kikavuka bahari melini, kisha kikapanda treni tena. Wajerumani walikuwa na vifaru vizito zaidi, lakini wao hawakuwa na bahari ya Atlantiki ya kuvuka.

Cha kuchekesha ni injini. Marekani haikuwa na injini moja ya kutosha vifaru vyote, basi wakachukua zilizokuwepo. Vya mwanzo vilifungwa injini ya ndege, ya mitungi 9 iliyopangwa duara, na hiyo ni sababu moja ya kifaru kile kuwa kirefu kwenda juu. Vingine vilipewa injini mbili za dizeli zilizofanya kazi pamoja. Na vingine, vingi vyavyo vikapewa Waingereza, vilifungwa injini tano za motokaa zilizounganishwa kuwa moja yenye mitungi 30! Fundi wa gereji ya Ngamiani akionyeshwa kitu hicho atakimbia. Lakini kilifanya kazi, kwa kuwa nyuma ya kila kifaru kulikuwa na jeshi zima la mafundi, malori ya vipuri na karakana za kuhamahama. Gia ikivunjika, inatolewa nzima na kuwekwa nyingine. Na vitani hakuna anayeuliza kifaru kitadumu miaka mingapi.

Sasa twende Kongwa. Vita vilipokwisha mwaka 1945, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa, akatoa wazo la kulima karanga Tanganyika kwa mashine. Wajumbe walioongozwa na John Wakefield, aliyekuwa Mkurugenzi wa Kilimo Tanganyika, wakazunguka kwa wiki chache na kurudi na mpango wa zaidi ya ekari milioni 3 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Mwaka wa kwanza peke yake zilitakiwa ekari 150,000. Tuseme kweli, hata mtu anayefyeka shamba la muhogo pale Pongwe anajua kwamba kichaka hakihesabiwi kutoka ndani ya ndege.

Matrekta mazito hayakupatikana. Yakanunuliwa makuukuu ya jeshi la Marekani huko Ufilipino, mengi yakiwa yamechoka. Kiwanda cha Vickers-Armstrongs cha Uingereza nacho kikachukua vifaru vya Sherman, kikavua kile kibanda cha juu pamoja na mzinga wake, kikageuza kilichobaki kuwa trekta. Wakaliita Shervick, nusu jina la kifaru na nusu jina la kiwanda. Magazeti yalishangilia: silaha imekuwa jembe.

Mimi nadhani kosa lilikuwa papo hapo, na halikuwa la mafundi wa kiwandani. Kifaru kimeundwa kikimbie, kisimame, kipige, kikimbie tena. Kwa hiyo kina springi, ili askari wasivunjike viuno na mzinga utulie. Katapila la kung'olea visiki halitaki springi. Linataka fremu ngumu inayokaa chini imara, ili bledi isinyanyuke na kuzama kila linapopita kishimo. Kifaru kina gia za mwendo. Katapila linataka gia za nguvu, litambae kama konokono likivuta kutwa nzima. Dereva wa kifaru hukaa mbele kabisa, maana adui yuko mbele. Dereva wa trekta lazima aone anachokokota nyuma. Ondoa mzinga, paka rangi, badilisha jina. Umbile la chini linabaki la vita.

Na kichaka cha Kongwa hakikuwa adui mwepesi. Mizizi ilikwenda chini sana. Kulikuwa na mibuyu yenye mizinga ya nyuki, na wafanyakazi waliumwa hadi kulazwa hospitali. (Watu wa Tanga hatushangai, nyuki wetu wa Novemba 1914 waliwauma Waingereza na Wajerumani bila kubagua.) Mchanga wa kule ulisaga vyuma kama tupa, na udongo wa mfinyanzi ukikauka ulikuwa mgumu kama tofali. Ilipofika katikati ya mwaka 1947, theluthi mbili hivi ya matrekta yaliyoletwa yalikuwa yamelala. Vipuri havikuwepo, na mashine zilikuwa za kila aina. Yale malori ya vipuri na karakana zilizokuwa nyuma ya kila Sherman vitani hayakuja nayo Kongwa. Mradi ulifungwa Januari 1951, baada ya kumeza paundi milioni 36 hivi. Mvua haba ndiyo iliyoua karanga zenyewe, lakini mashine zilikwama hata kabla ya mvua kungojwa.

Sisi wa mkoa huu tunao mfano wa njia nyingine. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikokwe, karibu na Pangani, ikatazamwa, ikazaliana. Mashamba makubwa yalifuata baadaye. Na korona, ile mashine ya kukamua jani, haikuwa mzinga uliogeuzwa. Ilibuniwa kwa ajili ya jani lenyewe, urefu wake, unene wake na utomvu wake. Mkonge ulikuwa na dhuluma zake nyingi kwa manamba, sizifichi. Lakini kwa upande wa mashine, walianza na mmea wakamalizia na chuma.

Mtasema hayo ni ya wakoloni. Haya, tazameni pawatila zilizosambazwa vijijini baada ya Kilimo Kwanza kutangazwa mwaka 2009. Pawatila ni mashine nzuri. Imebuniwa kwa majaruba ya mpunga ya Asia, udongo laini wenye maji. Ipeleke kwenye skimu ya umwagiliaji ya Mombo, itakulimia vizuri. Ipeleke kwenye ardhi kavu ya Handeni mwezi wa Oktoba, itaruka-ruka juu ya udongo na kumchosha anayeishika, mpaka aipeleke chini ya mwembe na kuifunika turubai. Katika sehemu nyingi za nchi ndivyo ilivyokuwa, na lawama akapewa mkulima kwamba hapendi maendeleo. Wa kuulizwa ni yule aliyejaza fomu ya kuagiza: udongo wa Handeni aliupima lini?

Muda wangu umekwisha, ndugu wasikilizaji. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya reli ya Mtwara na Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya karanga hizo hizo, na jinsi ilivyokuja kung'olewa.