Thibitisha Kwanza, na Umlinde Aliyekuambia
(Mazungumzo na vijana, Sirisia)



Ndugu zangu na dada zangu, jioni ya tarehe 30 Aprili 2015, hapo Eldoret, John Kituyi alishambuliwa akitembea kwenda nyumbani, akauawa. Alikuwa mhariri na mwenye gazeti dogo la Mirror Weekly, na alikuwa amechapisha habari za kesi za Wakenya kule ICC. Ripoti za wakati ule zilisema pesa na saa yake viliachwa. Kilichochukuliwa ni simu.

Miaka sita kabla yake, Januari 2009, Francis Nyaruri wa Weekly Citizen alitoweka. Alikuwa ameandika kuhusu madai ya ufisadi katika ujenzi wa nyumba za polisi Nyamira. Wiki mbili baadaye mwili wake ulipatikana msituni Kodera.

Hawa walikuwa waandishi wa mashinani. Hawakuwa na walinzi wala mawakili wa kampuni kubwa. Leo wewe mwenye simu, ukichimbua habari ya darasa lililojengwa kwenye karatasi tu, uko pale pale walipokuwa.

Basi tufanyeje, tunyamaze? Hapana. Tufanye kazi sawasawa.

Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuchunguza habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua. Wafasiri wengi wanasimulia kwamba al-Walid bin Uqba alitumwa kukusanya zaka kwa Banu Mustaliq. Akarudi kabla ya kuwafikia, akasema wamekataa. Vita vilikaribia kuanza kwa neno la mtu mmoja.

Sasa angalia WhatsApp. Habari ikija kwenye magrupu kumi, usiseme una mashahidi kumi. Kama wote wamesambaza ujumbe ule ule, huyo ni shahidi mmoja. Tafuta mtu wa pili ambaye hakuipata kwa wa kwanza. Ukitumiwa picha ya hati, uliza: nani aliipiga, lini, na hati yenyewe iko wapi? Nenda ukalione hilo darasa kwa macho yako.

Kisha iandikie ofisi inayohusika. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kukujibu. Weka nakala ya barua iliyogongwa muhuri. Na yule unayemtuhumu, mpe nafasi aseme upande wake. Ukikosea, umemchafulia mtu jina.

Lakini kuna amana nyingine tunayoisahau: yule aliyekuambia. Sisi wa chini ya Mlima Elgon tunalijua hili. Wakati wa SLDF, kati ya 2006 na 2008, watu walioshukiwa kutoa habari walikatwa masikio. Kushukiwa tu kulitosha. Kwa hiyo usiseme "kuna karani mmoja pale ofisini ameniambia", kama karani ni mmoja tu. Usirushe picha yenye mwandiko wake. Usihifadhi jina lake kwenye simu, kwa maana simu inaibwa, simu inanyang'anywa. Kabla hujachapisha, jiulize: mtu akiisoma hii, atajua imetoka kwa nani? Kama jibu ni ndiyo, bado haijakuwa tayari, hata kama ni kweli tupu.

Na usiende peke yako. Mwambie mtu unayemwamini unakwenda wapi, kukutana na nani, na utarudi saa ngapi. Nakala ya ushahidi iwe mahali pengine. Ukitishwa, andika tarehe, saa na namba, ripoti polisi upate namba ya OB, na uwajulishe Baraza la Vyombo vya Habari au watetezi wa haki za binadamu.

Habari ikichelewa wiki moja bado ni habari. Karani yule akijulikana, huwezi tena kumficha.

Wabillahi tawfiq.